Birika Chini ya Lablabu

Asubuhi ile jani moja lilikuwa na joto.

Selipher alilishika tena. Ilikuwa Januari 2014, Riyadh, baridi ya kupasua midomo, na majani mengine yote ya ukutani yalikuwa baridi kama kijiko. Hilo moja lilikuwa na joto la paji la mtoto mwenye homa.

Mmea huo madam, mwajiri wake, aliuita lablabu. Ulitambaa kwenye ukuta wa kaskazini wa nyumba yao ya Sulimaniya, ukijishikilia kwa vijizizi vyake. Kiangazi ulikuwa kijani tu. Baridi ikiingia ulivaa zambarau, waridi na rangi ya damu ya mzee, na wageni wakaja kuupiga picha. Selipher, mfanyakazi wa ndani kutoka Kakamega, ndiye aliyeupogoa na kuotesha vipande vyake kwenye vikopo vya mtindi. Mkono wake ulikubaliwa na mimea. Bintiye, Carol, wa miaka mitatu, alikuwa amemwacha kwa mama yake, Hannah.

Siku mbili kabla, alfajiri, umande uliganda ukawa barafu. Kwao Selipher hakuwahi kuona jambo hilo. Aliogopa mizizi itakufa, akachemsha birika la maji na kuyamwaga ardhini kuizunguka.

"Maji ya moto, chini?" Zeinab, mpishi kutoka Mombasa, alinong'ona aliposikia. "Ulisema bismillahi?"

"Aki Zeinab, mimi ni Mkristo. Nilisema tu, amka wewe."

"Ungemtaja hata Yesu wako, mwenzangu. Ungepiga hodi! Chini pale pana wenyewe."

"Hao wenyewe wako na ikama ya kuishi hapa?"

Zeinab hakucheka.

Kuanzia siku ya jani lile, kila baada ya alasiri ua ulinuka maziwa yaliyoungua. Ndani ya majani kitoto kililia, kwa sauti nyembamba, siku tatu. Siku ya nne kilinyamaza, akaanza kulia mwanamke.

Kisha Hannah akapiga simu. "Carol ameungua mgongo, na hakuna aliyemkaribia na moto. Hospitali hawaelewi. Anasema kuna mama wa majani anamwita."

Selipher alisimama ukutani na simu sikioni ingawa mama yake alishakata, akasikia kilio kile kikishuka jani kwa jani kutoka juu ya ukuta hadi usawa wa kifua chake, kikipumua anapopumua, kikinyamaza anapobana pumzi, hata asijue tena kama ni yeye anayelia au ni yule mwingine.

Ijumaa, familia ilipokwenda kula kwa ndugu zao, Zeinab alimpigia shangazi yake, mganga wa Al-Mahjar, Jeddah, akaiweka simu chini ya lablabu, spika ikiwa wazi. Bibi yule alisoma dua kwa muda mrefu. Upepo haukuwepo, lakini majani yote yaligeuka kwa pamoja, yakaonyesha migongo yake iliyopauka, na Zeinab akapiga magoti, shingo imelala upande, akasema kwa sauti isiyo yake:

"Wangu alikuwa amelala."

Kisha bibi akasema polepole, "Pole, mama. Huyu binti hakujua."

"Nipe wake."

"Mtoto usimchukue. Taja kingine."

"Basi aishi. Lakini aniite mimi mama. Asimwite huyu."

"Binti yangu," bibi alimwambia Selipher, "hapo siwezi kukujibia."

Selipher aliangalia ardhi aliyoimwagia maji. Ilikuwa imepasuka.

"Aishi," alisema. "Akuite."

Jioni hiyo homa ya Carol ilishuka. Ila kwenye simu Hannah alipomwambia amsalimie mama, mtoto alijibu, "Si mama huyo." Wafanyakazi wenzake wakamfariji Selipher: mtoto wa kila mmoja wao alisahau hivyo hivyo, angezoea akirudi.

Alirudi Februari 2016. Carol alisimama nyuma ya nyanya yake.

"Habari yako, auntie," alisema kwa adabu.

Selipher alimpa sweta aliyomnunulia, akaenda jikoni kuchemsha chai ili asionekane akilia. Kupitia dirishani aliuona ukuta wa nyuma. Lablabu ilikuwa imeupanda hadi kwenye mabati.

"Nani alipanda hii?"

"Hata sijui," alisema Hannah. "Niliikuta tu. Mtoto hataki ikatwe."

Jua lilikuwa kali, kila kitu shambani kimekauka, lakini majani yale yalikuwa na rangi ya damu ya mzee, kana kwamba yameona barafu. Selipher alilichukua birika likichemka, akazunguka nyumba, akalifikia shina, akaanza kuliinamisha birika.

Kabla maji hayajatoka akamwona Carol amelala hapo chini, makovu yake yameegemea majani. Jua lilipomfikia usoni, tawi moja lilijivuta taratibu, likamkinga macho.

Selipher akalinyanyua birika, akarudi jikoni kwa kunyata, asiwaamshe.