Joto la Kisanduku cha Tabaka

Kuna jambo moja ambalo sijapata kulielewa, na kwa umri huu sitarajii tena kulielewa. Kisanduku kile cha chuma kilikuwa na joto.

Si joto la jua. Tulikitoa kwenye ghala la giza, siku ya mvua, ndani ya mashine ambayo haikuwa imewashwa tangu aliyeiendesha afe. Ombati alikigusa. Mimi nilikigusa. Kilikuwa na joto la kwapa la mtu aliyelala.

Nimewauliza mafundi, nimewauliza wachungaji. Kila mmoja amenipa jibu lake, na sijamcheka yeyote. Kisanduku ninacho hadi leo, chini ya kitanda. Siku nyingine huingiza mkono nikakipapasa. Siku nyingine huogopa.

Ilikuwa mwaka 1978. Nilikuwa nikitunza kompyuta ya kiwanda kimoja kidogo cha chai upande wa Ekerenyo. Msiifikirie kompyuta ya leo. Ile ilikuwa kubwa kama kabati mbili za nguo, tena kuukuu. Tuliipata baada ya ofisi moja ya Nairobi kuichoka. Kazi yake ilikuwa kujumlisha kilo za majani za kila mkulima. Siku moja ilinyamaza. Fundi akaja kutoka Nairobi, akaifungua, akatikisa kichwa.

"Prosesa imeungua," akasema. "Na walioitengeneza wameacha kuzitengeneza. Tafuta mashine nyingine ya rika hili, ung'oe yake."

Prosesa ndiyo sehemu inayofanya hesabu yenyewe. Vijana siku hizi husema kichakataji. Katika mashine ile ilikuwa kisanduku cha chuma chenye ukubwa wa boksi la sabuni, ndani yake vibao vimepangwa kama kurasa. Niliuliza kila mahali. Mwishowe nikaambiwa: Gopal, mwenye duka la vitambaa mjini Kisii, ana moja. Ndugu yake Bipin alikuwa akiuza nje vinyago vya mawe ya Tabaka, na alinunua mashine kama yetu kabla hajahamia Uingereza.

Nilikwenda na Ombati, dereva wa kiwanda, mtu wa mdomo mwingi na moyo mwepesi. Jioni ilikuwa inakaribia. Gopal alitupa ufunguo wa ghala la nduguye huko Tabaka bila hata kututazama.

"Chukua tu, bwana. Bure."

"Gopal kutoa kitu bure?" Ombati akaninong'oneza kwa Kigusii. "Leo mvua itanyesha mawe."

Sarla, mke wa Gopal, alitufuata hadi kwenye gari. Alishika mlango wa Land Rover.

"Nyasani, wewe sikia mimi. Ile sanduku ndogo, usifungue. Peleka hivyo hivyo. Na usirudishe hapa."

"Kwa nini, mama?"

"Manasseh, kijana ya kuendesha, alikufa kichwa chake juu ya hiyo mashine." Akatazama nyuma kama mumewe anasikia. "Mimi nilimwona. Alikuwa kama amelala..."

Tulifika Tabaka jua likizama. Mvua nyepesi. Unga mweupe wa mawe ulikuwa umelowa na kufanya barabara yote kuwa kama uji. Juu ya mlango wa ghala ndimu na pilipili zilizokaushwa, kinga ya Wahindi dhidi ya husuda, zilining'inia kwenye uzi, zimekuwa nyeusi. Na chini yake, kwenye kizingiti, alikaa mwanamke mzee mwenye leso ya kijani.

"Bwairire, omong'ina," nikamwamkia.

Alitazama bisibisi mkononi mwangu.

"Mnampeleka wapi mwanangu?"

Ombati aliacha kutafuna muwa.

"Mama, tumekuja kuchukua chuma tu," nikasema. "Cha mashine."

"Najua mlichokuja kuchukua. Mimi ni Kemuma, nilimzaa Manasseh." Aliinuka polepole, akatupisha. "Chukueni. Nimekaa hapa kwa muda mrefu nikingoja kichukuliwe. Ila mtu akianza kuumwa kichwa huko kwenu, msiende hospitali. Msiende kwa mchungaji. Niiteni mimi."

Ndani kulinuka nywele zilizoungua. Vumbi jeupe lilikuwa limefunika kila kitu, kama theluji ya kwenye picha. Kila kitu isipokuwa pale. Juu ya kifuniko cha prosesa palikuwa pamepanguswa, pakavu, pana alama ya kiganja kimoja.

Kiganja kikubwa. Si cha mwanamke mzee.

Ndipo nilipofungua skrubu, nikakivuta kile kisanduku, nikahisi lile joto.

"Washa gari," nikamwambia Ombati.

Njiani, sauti ilianza. Ilitoka kiti cha nyuma, tulikokuwa tumekiweka kisanduku juu ya gunia.

Kwaru... kwaru... kwaru...

"Ni skrubu," nikasema.

"Si skrubu." Ombati alishika usukani kwa mikono miwili. Utani wote ulikuwa umemtoka. "Hiyo sauti naijua, Nyasani. Baba yangu alipokwanguliwa, ni mimi niliyemshika miguu."

Nilimwelewa. Kwetu Wagusii kuna waganga wa kichwa, omobari tunamwita. Mtu akipigwa rungu na maumivu yakakataa kuisha, omobari humpasua ngozi ya kichwa, akakwangua fuvu kwa kisu kidogo mpaka atoboe. Mgonjwa huwa macho. Wengi hupona. Anayemshika miguu hawezi kuisahau sauti ile maisha yake yote.

Asubuhi niliifunga prosesa. Kompyuta iliamka mara moja, taa zote, kama iliyokuwa ikingoja. Nilimwita Andrew, mwendeshaji wake, aje aone. Andrew alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu Loice, ambaye wakati huo alikuwa mjamzito. Kijana mpole, mwimbaji wa kwaya ya Kisabato. Kabla ya kuja kwetu aliwahi kubeba mawe machimboni Tabaka. Hakupenda kuulizwa habari za huko.

"Imetoka wapi?" aliuliza.

"Tabaka. Kwa Wahindi."

Alisimama pale mlangoni mpaka chai yake ikapoa mkononi.

Kichwa kilianza kumuuma jioni hiyo. Sehemu moja tu, juu ya sikio la kushoto. Kwanza alikunywa vidonge. Kisha akafunga kitambaa. Kisha, tukiwa wawili tu kwenye chumba cha mashine, akainuka kitini bila haraka, akaenda hadi kona ya kabati la kompyuta, akaigonga kwa kichwa chake.

Akaigonga tena.

Nilimshika kiuno. Alikuwa na nguvu za ng'ombe. Damu ilirukia kwenye vitufe, na mashine ikaendelea kupiga chapa, tak-tak-tak, kilo za watu.

"Itoe!" alikuwa akilia. "Shemeji, anakwangua! Itoe!"

Tulimpeleka nyumbani. Nilizima mashine, haikusaidia. Kesho yake Loice alimkuta nyuma ya nyumba ameketi kwenye kinyesi cha mbuzi, kisu cha kukatia ndizi mkononi. Alikuwa amejipasua ngozi ya kichwa kuanzia sikioni hadi utosini, na alikuwa anakwangua mfupa. Taratibu. Kama fundi.

Kwaru... kwaru...

Ombati ndiye aliyemrukia. Andrew alifyeka bila kumtazama, na vidole viwili vya Ombati vya mkono wa kulia vikabaki kwenye majani. Ilibidi wanaume wengi wamfunge kwa kamba za migomba kwenye kitanda. Mchungaji aliomba mpaka sauti ikamkauka. Andrew alikuwa anakata kamba kwa meno.

Loice alinifuata nje, damu ya mumewe imemkaukia kwenye mikono.

"Kaka, atakufa. Mtoto wangu atazaliwa bila baba. Kama kuna mtu unayemjua, popote, mlete."

Nikamfuata Kemuma.

Ilikuwa Sabato alipofika, alasiri, na watu walikuwa wanatoka kanisani. Walimwona akishuka kwenye Land Rover, mgeni mzee wa Tabaka, nao wakatufuata. Hakwenda kwa mgonjwa kwanza. Alitaka kisanduku. Nilikileta uani mwa Andrew, nikakifungua mbele ya wote kwa bisibisi ile ile.

Kati ya vibao viwili, mahali ambapo hapawezi kuingia kitu, palikuwa na kipande cha mfupa mdogo kama kifuniko cha soda. Kimefungwa uzi mweusi.

Watu wakarudi nyuma.

"Ni cha mwanangu," Kemuma alisema. Aliongea kwa sauti ya kawaida, kama anayeeleza njia. "Wezi walivamia ghala kuiba. Alimwona mmoja uso, akapigwa rungu. Omobari alimtoa mfupa huu, naye Manasseh akala kiapo juu yake. Emuma. Akauficha humo, mahali alipokuwa anafanyia kazi, akasema: aliyenipiga akikaa mbele ya mashine hii, kiapo kimjue. Aliishi mwaka mmoja na tundu kichwani. Kisha akafa." Akaugeuza ule mfupa kiganjani. "Sikuja kuua mtu. Emuma huondolewa. Mwenye kosa aseme kwa mdomo wake mwenyewe, mbele za watu. Tunachinja mbuzi, tunazika mfupa, anaenda kulea watoto wake. Mbuzi nitamtoa mimi."

Tukaingia ndani. Andrew alikuwa amelala macho wazi.

"Mwanangu," Kemuma akamwambia, akimaanisha Andrew, kwa upole ambao sijausahau. "Sema tu. Neno moja. Mke wako yuko hapa."

Andrew alitutazama mmoja mmoja. Alimtazama Loice, tumbo lake. Aliwatazama wazee wa kanisa mlangoni. Akafunga mdomo, akaukaza, mpaka damu ikatoka kwenye midomo.

Kisha mdomo ukafunguka.

Sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa nyembamba, ya kijana aliyechoka.

"Mama."

Kemuma alipiga magoti kama aliyekatwa miguu.

"Mama, ni huyu."

Mkono wa Andrew uliokuwa umefungwa ulichomoka kwenye kamba. Ngozi ilibaki kwenye fundo. Kidole kikanyooka, kikageuka polepole... kikachoma kifua chake mwenyewe.

"Ni huyu. Ni huyu. Ni huyu."

Kidole kikaanguka. Andrew alipumua kwa nguvu, akapepesa macho, akaomba maji kwa sauti yake. Akasema kichwa kimeacha kuuma.

Mimi nilidhani nimesikia kilichosemwa. Lakini mlangoni na uani walikuwa watu zaidi ya themanini, na wao walikuwa wameona kitu kingine. Walikuwa wameona mwanamke mgeni ameshika mfupa wa maiti. Kwetu kila mtoto anajua ni nani hutembea na mifupa ya wafu. Walikuwa wameona ameingia, na maiti akasema kwa kinywa cha mwimbaji wao. Siwalaumu. Ningesimama pale mlangoni, sijui ningeona nini.

"Omorogi! Mchawi!" mtu alipaza sauti. Nadhani alikuwa Ombati, mkono wake umefungwa tambara. "Hata vidole vyangu ni yeye!"

Walimtoa nje kwa nywele. Jiwe la kwanza lilimpata kwenye jino. Nilijitupa juu yake, nikapigwa teke la shingo, nikakaliwa na wanaume wawili niliosoma nao. "Tulia, Nyasani," mmoja aliniambia sikioni, karibu kwa huruma. Loice alikuwa anapiga kelele, lakini sikujua anamwambia nani.

"Muulizeni Andrew!" nikapiga kelele. "Si amepona? Muulizeni yeye!"

Wakamuuliza. Alikuwa ameegemezwa mlangoni, shuka nyeupe imezungushwa kichwani, doa jekundu juu ya sikio. Yalikuwa maneno machache tu ambayo yangemwokoa yule mama, na ni yeye peke yake aliyekuwa nayo. Alimtazama Kemuma.

"Simjui," alisema.

Wazee walikaa kwenye banda la kununulia majani. Polisi walikuwa Nyamira, mvua ilikuwa imeharibu barabara, na meneja alikuwa amesafiri. Hawakubishana sana. Mmoja alitaka apelekwe kwao. Akaulizwa kama yuko tayari kulala nyumba moja na mfupa ule. Akaketi.

Iliamuliwa kwamba Kemuma afungiwe ndani ya banda la kuni la kiwanda, yeye na mfupa wake, na banda liwashwe kabla giza halijaingia. Iliamuliwa pia kwamba mkono wa kuwasha uwe wa yule aliyedhuriwa, ili mwingine yeyote asibebe lawama.

Mafuta ya taa yalimwagwa. Ndani hapakuwa na kilio. Tulimsikia tu, kupitia ufa wa mbao, akisema kwa sauti ile ile ya kueleza njia:

"Sema tu, mwanangu. Bado kuna nafasi."

Ombati alijaribu kibiriti, lakini mkono wake uliokatwa haukuweza kushika njiti. Akamkabidhi Andrew.

Andrew akawasha.