Kamera ya Mlango wa Jikoni

Jioni ile nilishuka kwenye gari nimebeba ngazi, bisibisi na hasira. Ngazi ilikuwa nyepesi.

Nimeendesha malori nusu ya maisha yangu. Nimelala mipakani katikati ya fisi na maofisa wa forodha, na mpaka leo sijui walionitisha zaidi ni wepi. Magoti yalipogoma nikawa fundi wa kamera za ulinzi. Nimefunga kamera madukani, kwenye maghala, hata kwenye mabanda ya kuku, na hakuna kuku aliyewahi kulalamika. Aliyelalamika ni mama yangu mzazi.

Giza linapoanza kuingia, alisema, kuna mtu anapiga hodi mlango wa jikoni. Yeye hajibu. Anakaa kimya mpaka aondoke. Asubuhi anakuta beseni la kufulia limesogezwa, na uani kuna harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji.

Mimi, kwa kujifanya mjanja, nikamfungia kamera isiyo na waya. Ni ile inayolala kutunza betri, mtu akipita inaamka, inampiga picha na kuituma kwenye simu.

Ilimwona paka. Ilimwona muuza maziwa. Mgeni wa mama haikumwona hata siku moja.

"Mashine haina sababu ya kudanganya," alisema kaka yangu mkubwa, mkaguzi wa shule, mtu anayekagua hata chumvi mezani. "Mama akili imechoka. Namchukua kwangu, nyumba tunaifunga."

Yaani kamera yangu, niliyoikaza kwa mikono yangu hii, ndiyo iliyomfanya mama mwongo.

Nilimkuta Kaka jikoni, sanduku la mama limeshafungwa kamba. Mama amekaa juu yake kama abiria aliyekataa kupanda.

"Domo amekuja," mama akasema. Ndilo jina langu tangu utotoni, na sina la kujitetea.

"Fanya haraka, Domo," Kaka akasema. "Sitaki kuendesha usiku."

"Kaa chini. Hii ni nyumba, si shule."

Nilipanda ngazi, nayo ikanung'unika kwa uzito wangu. Kosa nililiona mara moja, nikajitukana kimoyomoyo. Kamera aina ile haitambui sura. Inahisi joto la mwili. Anayeijia uso kwa uso inachelewa kumhisi, anayekatiza mbele yake inamdaka papo hapo. Mimi nilikuwa nimeielekeza moja kwa moja kwenye njia ya kutokea bustanini. Nikaihamishia ukuta wa pembeni, nikaishusha, nikaongeza wepesi wake wa kuhisi, nikaweka betri iliyojaa.

Kisha nikafanya kile ninachofanya kila kazi ikiisha. Nikapita mbele yake.

Taa nyekundu ikawaka. Simu ikalia mfukoni. Picha: mimi na kitambi changu.

Nikapita tena. Ikawaka. Paka akapita. Ikawaka.

"Leo tutamwona," nikamwambia mama, nikafunga mlango.

Tukakaa. Mwanga wa dirishani ukawa kijivu. Kaka akaangalia saa, akaguna.

Kisha... beseni. Lilikuwa linaburutwa huko uani. Polepole.

Nikatazama simu.

Kimya.

Harufu ikapenya chini ya mlango. Majivu. Majivu mabichi.

"Hodi," sauti ikasema.

Kaka alikuwa ameshika kamba ya sanduku. Nilimwona akiiachia.

"Umesikia?" mama akanong'ona. "Au na wewe akili imechoka?"

"Mama..."

"Shh. Usimjibu."

"Hodi..."

Simu yangu bado kimya. Na hapo hasira ikanipanda mpaka masikioni. Mama yangu ameitwa mwendawazimu kwa ajili ya mtu anayesimama pale nje, mbele ya kazi yangu, na kunifanya mjinga. Mimi!

"Domo, nakuomba..."

Nilishafungua mlango.

"Karibu!" nikafoka. "Karibu basi, mpuuzi wewe! Njoo nikuone!"

Uani hapakuwa na mtu. Beseni lilikuwa katikati ya njia.

Kitu cha baridi kikanipita kifuani, kama mlango wa friji uliofunguliwa na kufungwa. Basi. Harufu ikakatika.

Kaka alikuwa wa kwanza kusema. Alifungua kamba ya sanduku. "Mama, nisamehe. Unabaki kwako."

Mama hakumtazama. Alikuwa ananitazama mimi.

"Umemkaribisha," akasema taratibu. "Kwa kinywa chako."

Nikacheka, maana ndiyo kazi ninayoijua. Nikatoka kupima kamera. Nikapita mbele yake.

Taa haikuwaka.

Nikapita tena, nikipunga mikono kama anayefukuza nyuki. Haikuwaka. Kaka akatoka nje. Ikawaka. Mama akachungulia mlangoni. Ikawaka.

"Pita tena," Kaka akanong'ona.

Nikapita.

Hamna.

Nikasema ni betri. Kaka hakubisha, na kaka yangu hubisha hata salamu. Usiku ule nilipofika kwangu, kamera ya geti nayo haikuniona. Kitandani mke wangu akasogeza miguu yake mbali na yangu. "Umetoka kuoga maji ya baridi?"

Leo jioni nikiwa gereji, simu ikalia. Kamera ya mama. Safari hii haikukosea hata kidogo, picha safi kabisa.

Mlango wa jikoni. Shati langu. Kitambi changu. Mkono umeinuliwa kubisha hodi.

Kamera ile ina kipaza sauti, unasema na kusikia kupitia simu. Nikabonyeza, nikapiga kelele mpaka mafundi wakageuka: "Mama! Mama, usimjibu! Usifungue!"

Na uani kwa mama, sauti iliyotoka pale mlangoni ilikuwa ya nani? Yangu. Ya mwanawe, inamwita.

"Nakuja, Domo," nikamsikia. "Kelele za nini? Karibu, mwanangu."

Komeo likalia.

Nimeendesha gari kama kichaa. Mama nimemkuta mzima, anamenya viazi. Akanitazama, kisu kikasimama mkononi.

"Mbona unaingia mara ya pili?" akauliza. "Si umesema umechoka, ukaenda kulala?"

Nikamtoa nje, nikamfungia ndani ya gari, nikampigia Kaka aje amchukue. Yuko njiani. Nikarudi ndani, nikasimama mbele ya mlango wa chumba cha kulala. Ulikuwa umefungwa. Nikaweka mkono kwenye mbao; zilikuwa za moto, kama ubavu wa mtu mwenye homa.

Joto langu hilo. Nalitaka. Na nyumba hii ni ya mama, siyo yake.

"Hodi!" nikafoka.

Kitanda kikalia kwa uzito. Mtu akacheka kidogo, kicheko changu kile kile cha kujitoa aibu.

"Karibu, Domo," akasema.

Nimekaa kwenye kiti, nimeegemeza mgongo mlangoni. Mgongo unapata joto. Mimi nililipoteza kwa kukaribisha na kufungua; yeye ameshakaribisha, bado kufungua. Wa kwanza kufungua sitakuwa mimi.