Pumzi Ndani ya Kaseti

Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu jioni, Desemba ya tisini na saba, mvua ya El Nino imetoboa barabara zote, nami naruka madimbwi ya Gitothua pale Ruiru na kaseti sita za gemu kwa mfuko. Nilikuwa naenda kubadilishana tu. Hivyo ndivyo tulivyofanya sisi wenye vyumba vya gemu. Vijana wakichoka na zako, unazipeleka kwa mwenzako, naye anakupa zile wamechoka nazo kwake. Kaseti moja iliweza kuzunguka Thika na Ruiru miaka mitatu, na kila mahali ikifika ni mpya.

Mwenzangu wa Gitothua aliitwa Urbanus. Nilipoinamia mlango wake, vijana walikuwa wamejaa mpaka ukutani na hakuna aliyegeuka kunisalimu. Walikuwa wanatazama kitu.

"Khisa! Bado unatembea na hayo matofali?" Urbanus akacheka. "Kuja uone. Hii ni ya CD. Angalia huyo mchezaji. Ana jasho, umeona? Jasho, bana!"

Nikaangalia. Kweli alikuwa na jasho.

"Nimekuja tubadilishane," nikasema.

"Tubadilishane nini? Chukua zote." Akanisukumia katoni kwa mguu. Ndani mlikuwa na kaseti zake zote, pengine arobaini. "Hunipi kitu. Hizo ni takataka, utanisaidia kutupa."

Vijana wakacheka. Mmoja akasema bila kugeuka, "Mwambie mzae apeleke kwa makumbusho."

Niliumia, na nitasema kwa nini. Nilifanya kazi kwa kiwanda kimoja cha nyuzi Thika miaka kumi na moja. Mashine niliyosimamia ililetwa na Mzungu kabla ya Uhuru. Uliipaka mafuta, ikafanya kazi. Wakati wa kupunguza watu, mashine ilibaki, mimi nikatoka. Kwa hivyo niliponunua tivi na mashine ya gemu nikafungua chumba mtaa wa Makongeni, hapo hapo Thika, nilijua nimenunua kitu cha miaka thelathini. Hakuna mtu aliniambia kwamba mashine inaweza kufa ikiwa nzima.

Kwa lango la ploti ya Urbanus alikuwa ameketi mama mzee anayeuza makaa kwa mkebe. Nilikuja kujua anaitwa Mukonyo. Jiko lake halikuwa na moto. Lakini kulikuwa na harufu... harufu ya majivu yakimwagiwa maji.

"Kijana, umebeba maiti?" akaniuliza.

"Ni kaseti za gemu, shosho."

"Zimekufa?"

"Ni nzima. Ni watu hawazitaki."

"Sasa kufa ni nini kingine?" Akavuta katoni kwake. "Unataka zikae muda gani?"

Hapo ndipo nilipaswa kusema ushindwe katika jina la Yesu, niende zangu. Mimi ni mzee wa kanisa. Nilijua ninaongea na nani. Mtu hujua, hata kama baadaye atajifanya hakujua. Lakini kile kicheko cha vijana kilikuwa bado masikioni.

Nikasema, "Zikae mpaka nizichoke mwenyewe."

Akachagua moja. Ya kijivu, haina karatasi ya jina. Akaiweka mdomoni, pale kwenye meno ya shaba ya kaseti, akapuliza.

Akapuliza.

Akaendelea kupuliza... Hakuna binadamu mwenye pumzi ndefu hivyo. Mbwa aliyekuwa akibweka ng'ambo akanyamaza. Aliponirudishia, kaseti ilikuwa na joto kama yai lililotolewa chini ya kuku.

"Ikigoma, wewe usiipulize," akasema. "Wape wageni."

Aliyecheza gemu za kaseti anajua. Vumbi likiingia, picha inagoma. Unaichomoa, unaipuliza kwenye meno yake, unairudisha. Kila mtu alifanya hivyo. Ilikuwa kama kupiga chafya.

"Na wakipuliza?"

"Itaishi."

"Na wao?"

Akanisukumia katoni. "Wewe ni mtu wa kanisa?"

"Ndiyo."

"Basi mbona unaniuliza mimi?"

Nilielewa. Nisiwadanganye. Nilielewa pale pale, na bado nikabeba ile katoni mpaka Makongeni.

Chumba changu kilikuwa kimegawanywa kwa pazia. Mbele gemu, nyuma tulilala mimi na mke wangu Nelima. Binti yetu Nafuna alikuwa nyumbani magharibi kwa nyanya yake, anasoma. Jioni iliyofuata niliweka ile kaseti ya kijivu. Ndani mlikuwa na mtu anatembea katika mji wenye milango. Anafungua mlango, anashuka ngazi, anakuta mji mwingine wenye milango. Hiyo tu. Hakuna jasho. Lakini kijana akishika pedi ya kuchezea hakuiachilia.

Irshad ndiye alikuwa wa kwanza. Mwanafunzi wa chuo, winga wa timu yao, kijana wa mzaha mwingi.

"Mzae, hii gemu haina mwisho! Nimevuka milango hamsini!"

"Vuka tu."

"Umetoa wapi? Gitothua wana CD na hawana hii!"

Baada ya wiki mbili wale wa Ruiru walikuwa wanakuja Makongeni. Niliwaona wamesimama mpaka nje, wale wale walionicheka, na nikajisikia vizuri. Hilo nalo nakiri.

Kila jioni, jua likizama, picha iligoma. Mara moja tu. Irshad alikuwa ndiye hukaa karibu.

"Ipulize," nikamwambia.

Akapuliza. Picha ikarudi, ikang'aa kuliko mwanzo. Na chini kabisa ya tivi, kando ya mlango, alisimama mtu mdogo ambaye hakuwepo. Hakuwa anafanya kitu. Mabega yake tu... yalipanda, yakashuka. Yalipanda, yakashuka.

"Huyu ni nani?" Irshad akauliza.

"Ni ya gemu," nikasema.

Kesho yake akapuliza mwingine. Wakawa watu wadogo wawili. Kufika Pasaka walikuwa wengi, na Irshad alikuwa ameacha mpira. Alikuja akitembea polepole, akishika kuta.

"Ni kifua tu, mzae. Vumbi la hapa Thika."

"Pole. Kunywa maji moto."

Ndivyo nilivyomwambia. Maji moto. Na Jumapili nilisimama mbele ya kanisa nikashuhudia vile Mungu amenifungulia njia, watu wakapiga makofi.

Jumatano moja ya Juni nilikwenda maombi ya jioni, nikamwachia Nelima chumba. Nilikuwa nimemkataza kushika mashine, lakini sikumwambia sababu. Ningemwambiaje? Nilikuwa naogopa macho yake. Nikiwa njiani kurudi nilisikia vijana wakipiga kelele, "Imegoma! Mathe, imegoma!" Nikakimbia. Nilipofungua mlango, kaseti ilikuwa tayari mdomoni mwake.

"Mama Nafuna, wacha!"

Akapuliza, akairudisha, vijana wakashangilia. Akanigeukia.

"Niache nini? Wateja wananipigia makelele, na wewe uko huko unaimba. Kwani si hivi ndivyo mnapulizanga?"

Halafu akaketi kwa kiti. Akaweka mkono kifuani.

"Nimechoka ghafla, Baba Nafuna. Kama nimetoka mtoni na mtungi."

Sikutaka kuangalia tivi. Nikaangalia. Kando ya mlango, nyuma ya wale wengine wote, alisimama mwanamke mdogo mwenye kitambaa kichwani.

Kisha stima ikapotea. Makongeni yote ikawa giza, vijana wakasonya, wakatoka mmoja mmoja wakigusa ukuta.

Lakini tivi haikuzimika.

Nikachomoa waya. Haikuzimika. Wale watu walisimama katika mwanga wa kijivu, mabega yakipanda na kushuka pamoja. Nikainamisha sikio kwa mashine. Nelima akipumua ana mluzi mdogo mwishoni, tangu msichana. Nimelala kando ya mluzi huo miaka kumi na nne.

Ulikuwa unatoka ndani ya mashine.

Hospitali walisema ni pumu. Daktari alisema vumbi la mtaa linaleta, hata kwa mtu mzima, akampa dawa ya kuvuta. Labda ni kweli. Naomba sana iwe kweli. Dawa hiyo ilimsaidia asubuhi. Jioni haikumsaidia.

Nikarudi Gitothua. Nilidhani sitampata yule mama, lakini alikuwa pale pale langoni, anapima makaa, mashavu yamejaa kuliko mwanzo.

"Nirudishie pumzi ya mke wangu."

"Mimi sina. Iko kwako."

"Nitavunja hiyo mashine."

"Vunja. Zote zitatoka."

"Zitarudi kwa wenyewe?"

Akafikiri, kama mtu asiyewahi kuulizwa. "Nimesema zitatoka. Zinaenda wapi, sijui. Wanapumulia humo wote. Ikijaa, wanapumua vizuri. Ikipungua, wanabanwa." Akanipa mgongo. "Uliniambia ikae. Inakaa."

Sikumwamini. Au nilitaka kutomwamini. Septemba, baada ya mahubiri ya kuungama dhambi, nilirudi nyumbani na moyo wa nguvu. Jua lilikuwa linazama. Nelima alikuwa nyuma ya pazia anakata mboga za sukuma. Nilipiga magoti mbele ya mashine, nikasema, "Baba yetu uliye mbinguni," nikaichomoa kaseti.

Kisu kikaanguka.

Nikavuta pazia. Nelima alikuwa amesimama, mkono ukutani, mdomo wazi. Hakukuwa na sauti yoyote. Hata ule mluzi. Macho yake yalinitafuta.

Nikairudisha. Nikaisukuma kwa viganja viwili huku nikilia, na nyuma yangu nikamsikia akivuta hewa kama mtu aliyetolewa kisimani. Sikuwa nimefika hata kwenye mkate wetu wa kila siku.

Asubuhi Nadira, dada yake Irshad, aligonga mlango. Macho mekundu, mtandio umefungwa upande.

"Mzee, Irshad ametuacha. Jana magharibi. Alikuwa anakunywa chai, akaacha kikombe..." Akafunga mtandio upya. "Tunamzika leo baada ya swala ya adhuhuri. Nimeona nikwambie. Alikuwa anakusifu sana. Alisema wewe ni mtu wa Mungu."

Nilimwambia poleni. Nilikwenda maziko, nikasimama nyuma kwa wasio Waislamu. Niliporudi nikaangalia kwa tivi. Nafasi ya kwanza kando ya mlango ilikuwa tupu.

Kwa miezi mingi sikuichomoa tena. Ikigoma, wageni ndio huichomoa na kuipuliza haraka, kabla mtu hajameza mate.

Sasa ni mwaka wa tisini na tisa. Kuna jambo yule mama hakuniambia, au labda hata yeye hakulijua. Mashine imekaa, kama nilivyoomba. Vijana ndio hawakukaa. Mwezi wa pili mtu amefungua mashine tatu za CD hapa hapa Makongeni, hatua sitini kutoka kwangu. Wote wamehamia huko. Nikamshika mmoja njiani, nikamwuliza, kwani ile ya milango imekosa nini?

"Budaa, ilikuwa poa," akaniambia. "Lakini ni ya kitambo."

Ya kitambo! Haina miaka miwili. Mashine ya Mzungu ilikula vidole vya watu miaka arobaini na hakuna aliyesema ni ya kitambo. Hata uchawi, ndugu zangu, una muda wake, kisha watoto wanaucheka.

Jioni nimekuwa nikikaa peke yangu mbele ya tivi. Inagoma, na hakuna wa kupuliza. Picha inafifia kidogo kidogo, wale watu wadogo wanainama, na nyuma ya pazia Nelima anaketi kitandani na mito mitatu, midomo imekuwa rangi ya zambarau.

"Baba Nafuna," aliniambia juzi, neno moja, pumzi moja. "Mbona... hao vijana... hawaji? Walikuwa... wananichangamsha."

Mtaniuliza kwa nini sipulizi mimi. Ni mke wangu, ni dhambi yangu. Nimeichomoa haraka nikaiweka mdomoni mara tatu. Nimesikia joto lake kwa midomo. Mara tatu nimeirudisha bila kupuliza. Nimewahubiria watu kuhusu kutoa uhai kwa ajili ya mwenzako, na sasa najua mimi ni mtu wa aina gani.

Jana nilichukua kipande cha mbao, nikaandika kwa makaa, nikakitundika nje: LEO GEMU NI BURE.

Jioni hii wameingia watatu. Siwajui, wanaonekana vibarua wapya kutoka mashambani, viatu vina matope. Wamecheka kuona mashine ya zamani hivyo. Wameketi. Jua lilipozama, picha ikagoma, na mrefu wao akanigeukia.

"Mzee, imekufa?"

"Bado," nikasema. "Ipulize tu."

Akajaza kifua, kifua kizuri cha kijana aliyelelewa kwa maziwa, akapuliza. Nyuma ya pazia Nelima akavuta pumzi ndefu, ndefu, ya kwanza kwa mwezi mzima, na mluzi wake mwishoni.

"Asante Mungu," nikasema, kwa mazoea.

Halafu nikaziba mdomo kwa mkono.