Kitasa cha Nne

Walikutana kituo cha mabasi, watu wakisukumana. Kufuli la sanduku la msusi lilikuwa limegoma na basi linapiga honi. Fundi vitasa aliyekuwa akipita akamwomba pini ya nywele, akalichokonoa, likafunguka.

"Wewe mwizi nini?"

"Ningekuwa mwizi ningeanza na namba yako ya simu."

Akapewa.

Miezi minane ilipita kwa "umekula, mpenzi?" na "kata simu wewe kwanza." Kisha fundi akaanza kubadilisha kitasa cha mlango wa msusi. Mara ya kwanza alisema kimechoka. Mara ya pili, kuna mtu amechonga ufunguo. Mara ya tatu hakusema kitu. Alikuja na mfuko wa vifaa, vifungo vya shati kombo, yeye aliyekuwa akipiga pasi hata leso. Msusi aliona ni wivu. Alinuna siku mbili, halafu akajisikia mwanamke anayependwa.

Alhamisi asubuhi fundi aliweka kitasa cha nne, akakifunga kwa nje. Msusi yumo ndani.

Simu ya fundi ikalia.

"Nifungulie bwana! Bibi harusi ananisubiri saa nne."

"Subiri. Wako ngazini. Wanajaribu funguo, huwasikii?"

Bomba la jirani lilikuwa likidondoka. Kwa fundi, kila tone lilikuwa ufunguo mwingine ukiingizwa.

"Wivu gani huu? Sina mwanamume mwingine, nimeshakuapia!"

"Kwani nimesema mwanamume?" Alishangaa kweli. "Hawa hata chini hawakanyagi."

Msusi alipojibu, sauti yake ilikuwa ya taratibu.

"Umelala lini, mpenzi?"

"Jumapili."

Upole huo ulimtisha fundi. Mpenzi wake hakuwa mpole. Labda walishaingia, wameiba sauti yake. Akauchomoa ufunguo aliokuwa ameanza kuuingiza.

"Kama ni wewe kweli, nitukane."

"Nini?"

"Nitukane!"

"Kichwa kama boga wewe! Fungua mlango kabla sijauvunja!"

Kicheko kikamtoka fundi, kikageuka kilio. Akakosa tundu la ufunguo mara mbili. Mlango ulipofunguka, msusi alikuwa amesimama na gauni lake la kazi, pasi mkononi ameiinua.

"Unaniogopa?"

"Ndiyo." Akaiweka pasi chini. "Nakupenda, na nakuogopa." Akampigia dada yake fundi. "Wifi, njoo na teksi. Tunampeleka kakako hospitali. Hapana, si homa. Ni kichwa, na mimi nimechelewa kuona."

Teksi ilipofika, fundi aligoma kuingia.

"Utakuja kuniona?"

"Kila siku, saa ya kuona wagonjwa."

"Na ndoa tuliyopanga?"

"Sijui. Kwanza ulale."

"Angalia chini ya viti."

Wifi akafungua kinywa. Msusi akamkata jicho, akapiga magoti barabarani, akapapasa chini ya viti vyote, mbele na nyuma.

"Hakuna mtu. Ingia."

Akaingia.