Muhuri wa Kuramochi

Haya yalimpata Nezu, rafiki yangu mkaguzi wa hesabu, Machi iliyopita, alipotumwa kuhesabu samaki kwenye ghala moja la barafu huko Shiogama, mji wa bandari nchini Japani.

“Ukishahesabu boksi, libandike karatasi, uipige muhuri wako,” mtunza ghala alimwambia. “Kilichobandikwa hakitoki humu. Marehemu Kuramochi, mkaguzi wa mwaka jana, aliyabandika yote, hakuniachia hata dagaa mmoja!”

Nezu akacheka, akaingia. Alipofika mwisho kabisa, taa zikazimika. Gizani akasikia muhuri ukigongwa nyuma yake: ko! Kimya. Ko! Karibu zaidi. Kisha kiganja kikampapasa mgongoni taratibu, kama cha mtu anayelainisha karatasi isikunjamane.

Alitoka mbio.

“Vipi, bwana mkaguzi, umekutana na papa?” mtunza ghala akamtania. Halafu akauona mgongo wa koti. Palikuwa na karatasi: “Idadi: moja.” Chini yake, muhuri mwekundu wa Kuramochi.

Koti tulilichoma. Jana, kwenye bafu la umma la mtaani, tunakooga pamoja, nilimsugua mgongo kama kawaida yetu.

“Usijisumbue, ndugu yangu,” akaniambia. “Mimi nimeshahesabiwa.”

Jina la Kuramochi lilikuwa kwenye ngozi yake. Nilisugua mpaka taulo langu likawa jekundu, na wino ulikuwa bado mbichi.