Ukurasa wa Kuaga

Jua lilikuwa linazama mtunza mavazi alipotoka katika ghala la chuo, mkononi ameshika gauni jeusi lililopigwa pasi. Binti yake alilihitaji kwa mazoezi ya mtihani wake wa mwisho. Ampelekee, afunge ukumbi, warudi nyumbani pamoja. Kazi ya nusu saa.

Igizo lenyewe hakulipenda. Binti yake, mwanafunzi wa tamthilia za majaribio, alikuwa amelichukua daftari la bibi yake mzaa mama, mwanamke aliyeijua kazi ya kuita wafu, akaligeuza kuwa maneno ya jukwaani. Angekaa kitini mbele ya watu na kumwita marehemu mama yake. Daftari lilikuwa na kurasa mbili: ukurasa wa kuita na ukurasa wa kuaga. Mkufunzi, ambaye wanafunzi walimbandika jina la Vunja-Ukuta kwa kuwa kila kipindi alihubiri kuuvunja ukuta kati ya mwigizaji na mtazamaji, aliukata ule wa pili kwa wino mwekundu.

"Mzee wangu," alimwambia mtunza mavazi alipokwenda kulalamika, "tamthilia ya leo haina mwisho. Mwisho ni ugonjwa wa wazee."

"Na mgeni uliyemwita, mwalimu, atajuaje kwamba wenyeji wanataka kulala?"

Mkufunzi alicheka, akamwuliza kama gauni limekwisha kushonwa.

Mtunza mavazi alirudi ghalani. Miaka thelathini na mmoja ya kuinama miguuni pa watu, pini mdomoni, humfundisha mtu kunyamaza. Lakini maneno ya kuaga aliyajua kwa moyo. Alikwisha kumsikia mama mkwe wake akiyatamka. "Muage kabla hajazoea," bibi yule alikuwa akisema. "Akishauzoea mwili, atakayetoka ni mwenye mwili."

Ukumbini iliwaka taa moja tu. Binti yake alikuwa kitini, katikati ya jukwaa, ameupa mlango kisogo.

"Mwanangu, gauni lako hili hapa."

Binti hakugeuka.

Kisha harufu ikamfikia... dawa ile ya kusafishia wodi.

"Umeanza peke yako? Si nilikwambia uningoje?"

Kiti kililia taratibu. Kwii...

"Sindano," sauti ikanong'ona.

Gauni lilimponyoka. Aliyemwita kwa jina hilo ni mtu mmoja tu duniani, mkewe, chumbani, mlango ukiwa umefungwa. Binti hakupata kulisikia hata siku moja.

Alijua la kufanya. Maneno yalikuwa kwenye ncha ya ulimi: uliyeitwa, umesikika, kiti si chako, toka. Basi. Hata mtoto angeyamaliza kwa pumzi moja.

Lakini alikuwa na swali lililomkaa kifuani miaka minne. Mkewe alikata roho hospitalini siku ya onyesho la kwanza la mwaka, naye alikuwa nyuma ya jukwaa akinyoosha makoti ya watu wengine.

"Siku ile," alinong'ona, "uliniita?"

"Mara tatu. Muuguzi alichoka kuniambia unakuja."

Kinywa kilekile kikatoa sauti nyingine, nyembamba, kama ya mtu aliye chini ya kisima.

"Baba... muage... muage sasa."

Alifungua mdomo aage. Wallahi alitaka kuaga.

"Ulinisamehe?"

Mwili ule kitini ulinyoosha vidole, kimoja kimoja. Ukazungusha shingo. Ukajipapasa mabegani, kiunoni, ukashusha pumzi ya kuridhika. Mtunza mavazi aliijua ishara ile kuliko alivyojua kusali. Ni ya mtu aliyejaribu nguo akaiona inamkaa.

"Uliyeitwa, umesikika!" alipiga kelele. "Kiti si chako! Toka!"

Taa ilipepesa. Kitu cha baridi kilimpita begani kikielekea mlangoni, kikilia.

Kililia, "Baba."

Mlango ukajifunga.

Binti aliinuka, akaliokota gauni, akalikung'uta vumbi. "Twende nyumbani," alisema. "Umechoka."

Katika mtihani alifaulu kuliko wenzake wote. Vunja-Ukuta aliandika katika ripoti yake kwamba hajapata kuona mwanafunzi akitoweka ndani ya mhusika kiasi kile, na akampa mtunza mavazi mkono wa hongera mbele ya watu. Mzee aliupokea. Angemwambia nini? Mkufunzi aliukata ukurasa tu; aliyeuchelewesha ni mwingine.

Sasa wanaishi wawili. Binti anapika, anafua, hakosi adabu. Kila asubuhi husimama mlangoni pa chumba cha mzee kumwamkia.

"Shikamoo..."

Hapo husita, macho yamemtulia usoni, kama mwigizaji anayengoja kukumbushwa maneno yake.

Naye mzee hutazama sakafu, akamnong'onezea:

"Baba."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Na mlango wa mbele, siku hizi, mzee haufungi kwa komeo, huenda aliyetoka akilia akarudi.