Mkanda Uliofungwa Kwenye Kiti Kitupu

Mkanda ulikuwa wazi tena.

Fundi alisimama juu ya bawa, kikombe cha chai mkononi, akachungulia ndani ya chumba cha rubani na kusonya. Jana jioni aliufunga kwa mkono wake na kuukaza. Ndivyo mafundi wa ndege wanavyofanya: kiti kikiwa kitupu, mkanda wake hufungwa, usije ukaning'inia na kunasa kwenye usukani. Ni kazi ndogo, hata mvivu haimshindi. Lakini sasa kila asubuhi alikuta mikanda imelala huku na huku, kana kwamba aliyekuwa ameketi pale ameinuka akaenda zake.

Alimlaumu mdogo wake. Amlaumu nani mwingine? Ndege ile kuukuu ya kivita ilikuwa na kiti kimoja tu, na mdogo wake ndiye angeirusha siku ya maonyesho. Watu walimwita Kipanga, jina alilojipachika mwenyewe tangu enzi za kaptura, alipokuwa akikimbia uani mikono ameitanua na mdomo unanguruma. Mama yao, siku za mwisho, alimwachia fundi neno moja: amwangalie mwenzake. Basi fundi alimwangalia, na kumwangalia mtu anayependa kuruka angani kwenye mabati yaliyowazidi umri wote wawili ni kazi ya kukuzeesha.

Kipanga aliapa kwamba hajaugusa mkanda. Wakarushiana maneno, wakanuniana mpaka mchana.

Kiti chenyewe ndicho kilichomkera fundi zaidi. Alikuwa ameshaunda kingine, kizuri, imara, chepesi. Mwenyekiti wa chama chao cha wapenda ndege za zamani akakikataa. Alitaka kila kitu kiwe cha asili, mpaka msumari. Wakaenda porini, mahali ilipoangukia ndege ya aina ileile katika vita vya zamani, wakakikuta kiti kimesimama wima kwenye miiba. Kilikuwa kitupu, na mkanda wake umefungwa.

Mtu mwingine yeyote angeukata kwa kisu. Lakini hawa! Kwao kukata mkanda wa asili ni sawa na kumkata mtu. Walichuchumaa miibani wakidondosha mafuta kwenye kile kifungo chenye kutu, wakikibembeleza, mpaka kikaachia, na wote wakapiga makofi. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza ni nani aliyefunga mkanda ule juu ya kiti kisicho na mtu, na kwa nini.

Sasa banda la ndege lilikuwa na harufu. Si ya mafuta wala rangi, hizo fundi alizipenda. Hii ilikuwa harufu ya nywele zilizoungua zikamwagiwa maji. Ilikuja pamoja na sauti ndogo ya nguo ikisuguana na ngozi ya kiti, kama ya mtu anayejiweka sawa, na kila fundi alipopanda kuangalia, sauti ilikoma. Alimweleza Mwenyekiti. Mwenyekiti akamwambia apumzike, kisha akamuuliza kama rangi ya mkiani imekauka.

Halafu Kipanga akaanza kubadilika. Alikuwa mtu wa maneno na wa kula. Kila aliporuka, dada wa mnara wa kuongozea ndege alimuuliza redioni, kama kanuni inavyotaka, kuna watu wangapi ndani, naye hakuwahi kukosa kujibu, "Mmoja, na njaa yake." Uwanja mzima ulilijua jibu lile, na dada wa mnara alilicheka kila siku kama ndiyo kwanza analisikia. Sasa Kipanga alikaa ndani ya ndege ile mchana kutwa, kioo kimefungwa, jua la saa saba likichoma bati mpaka huwezi kuligusa. Chakula chake kilipoa juu ya sanduku la spana. Siku moja fundi alikosa uvumilivu, akafungua kioo na kumvuta bega kwa nguvu. Shati la Kipanga lilikuwa kavu. Bega lilikuwa baridi kama kitu kilichotolewa mtungini.

Fundi aliogopa, na alipoogopa alikasirika zaidi.

Mganga aliyemleta alikuwa mama mmoja mnene mwenye miwani, aliyepanda bawa akilalamikia magoti. Alinusa kiti, akagusa kifungo cha mkanda. Akamwambia kwamba jini halikuja na ndege, lilikuja na kiti. Kuna mtu aliyejua kazi yake aliyelifunga pale, na wao wakalifungua.

"Litafungwa vilevile, na kiti kirudi kilikotoka," alinong'ona. "Lakini baba, usifunge mpaka nirudi. Lazima kwanza nimuulize jina aliyemo."

"Utarudi lini?"

"Kuna dawa naifuata mbali. Kesho kutwa."

Kesho kutwa ndiyo siku ya maonyesho! Fundi alikuwa amechoka kusubiri watu: amesubiri vipuri, amesubiri kibali, amemsubiri Mwenyekiti apate akili, na sasa asubiri dawa. Kesho yake mchana Kipanga alipotoka kwenda kuzungumza na wageni mlangoni, fundi alipanda peke yake na spana.

Kiti kilikuwa baridi. Aliivuta mikanda, akaikutanisha katikati, akabana kifungo, kisha akakaza, na hapo ndipo nywele zilipomsimama, kwa sababu mkanda haukufika kwenye kiti, uliishia hewani, umbali wa kifua cha mtu mzima, ukakaza juu ya kitu asichokiona, na kitu kile kilikuwa kinapanda na kushuka taratibu, kinapumua. Hakuthubutu kusita. Alifungua bolti, akakitoa kiti ambacho siku ya kwanza alikibeba kwa mkono mmoja, na sasa kilimwelemea kama anambeba mgonjwa, akakiburuta hadi nyuma ya pikapu, akakifunika turubai. Aliporudi kuchukua funguo alimwona Kipanga kule mlangoni, ameacha kuzungumza, anamtazama.

Njiani sauti ilianza. Ilikuwa ya Kipanga kabisa.

"Kaka. Kaka, nifungue."

Fundi alijua, kama kila mtu anavyojua, kwamba jini huiga sauti ya umpendaye. Aliongeza redio ya gari. Ile sauti ikalia, ikamtaja mama yao, ikamkumbusha mambo ya utotoni ambayo shetani gani angeyajua, na fundi akauma meno akaongeza redio tena, huku machozi yakimtoka kwa hasira ya kuchezewa hivyo. Alikishusha kiti palepale miibani. Alipogeuza gari alisikia neno la mwisho, limechoka, dogo.

"Kaka, nina njaa."

Siku ya maonyesho ilipendeza. Kiti alichokiunda fundi kilikuwa ndani, kimefunikwa kitambaa, na Mwenyekiti hata hakugundua. Watoto walikaa mabegani mwa baba zao. Injini ilikohoa, ikashika, na fundi aliyekuwa na redio ya mkononi alihisi mzigo wa wiki nyingi ukimtoka mgongoni. Dada wa mnara aliuliza swali lake la siku zote, tayari ana kicheko mdomoni.

"Watu wangapi ndani?"

Redio ilikwaruza.

"Mmoja."

Dada wa mnara alisubiri. Fundi naye alisubiri, redio ameibana sikioni. Halikuongezwa neno.

Ndege iliruka vizuri kuliko ilivyowahi kuruka. Ilipinda na kupinduka kwa namna ambayo hakuna aliyewahi kumfundisha Kipanga, watu wakapiga kelele za furaha, na fundi akapapasa mifuko kutafuta funguo za pikapu, hazimo, akapapasa tena, hazimo, akakimbilia gari akakuta milango imefungwa, na wakati huo ndege ilikuwa imeshatua inakuja taratibu kuelekea kwake.

Rubani aliteremka. Jua lilikuwa la utosi, na shati lake lilikuwa kavu. Alimkumbatia fundi mbele ya watu wote, Mwenyekiti akapiga picha. Mfukoni mwa rubani funguo zililia.

"Mdogo wangu yuko wapi?" fundi alinong'ona.

"Unajua ulikomweka," alijibiwa kwa upole, mdomo ukimgusa sikio, ukinuka nywele zilizoungua. "Mwache, kaka. Mtu huzoea."